Askari wa Rangi ya Alfajiri: Historia ya Chembe Moja ya Damu

(Somo hili lilisomwa redioni kwa madarasa ya elimu ya watu wazima ya Dodoma na nyanda za kati. Limepigwa chapa hapa ili lisomwe tena darasani, polepole, fungu kwa fungu. Maswali yako mwishoni.)

  Ninyi mlioko Dodoma mjini, na ninyi wa Kongwa, Mpwapwa, Kondoa, Bahi na Chamwino, na hata ninyi wa Manyoni na Singida, sogezeni viti karibu na redio. Mwenye kalamu na aishike. Asiye na kalamu na afungue masikio, maana sikio nalo ni daftari.

Leo tunasoma historia. Lakini si historia ya wafalme wala ya vita vya mataifa. Ni historia ya kitu kidogo sana ambacho kila mmoja wenu amekuja nacho darasani bila kujua. Kimo ndani ya damu yenu sasa hivi, nanyi mmekaa mnanisikiliza.

SWALI LA MZEE MMOJA

Siku moja nilikwenda kutembelea darasa la jioni katika kijiji kimoja, upande wa mashariki wa Dodoma. Mwalimu alikuwa akifundisha habari za damu. Alieleza kwamba damu ina chembe nyekundu, ambazo huchukua hewa safi na kuipeleka mwilini, na chembe nyeupe, ambazo ndizo askari wa mwili.

Mzee mmoja aliyekaa nyuma, mikono yake juu ya fimbo, aliomba kusema. Akasema, "Mwalimu, nimekusikia vizuri. Lakini kama kila mtu ana askari wake damuni tangu kuzaliwa, mbona wajukuu zangu wanapewa vidonge vya minyoo na vya kichocho shuleni? Ama askari hawa ni wavivu, ama vidonge hivi ni vya bure. Lipi ni kweli?"

Watu walicheka. Mwalimu hakucheka, alinigeukia mimi, maana nilikuwa mgeni, tena mtu wa ofisi ya elimu. Nilimjibu mzee kwa maneno machache. Nikaona kwa macho yake kwamba amenisikiliza kwa heshima, lakini hakuridhika. Basi, ndugu zangu, somo la leo ni jibu langu la pili kwa mzee yule. Nimejaribu kulitengeneza vizuri zaidi kuliko la kwanza.

DAMU INA NINI NDANI YAKE?

Ukijikata kidole kwa kisu cha jikoni, unaona kitu kimoja tu: maji mazito mekundu. Lakini tone la damu ni kama mnada wa ng'ombe. Ukiutazama kutoka mlimani unaona vumbi na kundi moja. Ukishuka chini unaona ng'ombe wa kila rangi, mbuzi, wauzaji, wanunuzi na walinzi, kila mmoja na shughuli yake.

Chukua tone la damu dogo kama kichwa cha pini. Ndani yake mna chembe nyekundu milioni nne au tano. Chembe nyeupe ni chache zaidi. Huwa kama elfu nne mpaka elfu kumi na moja. Vijana wetu wanaosoma sekondari huziita chembe hizi seli.

Chembe nyeupe nazo haziko za namna moja. Ziko za aina tano. Kati ya chembe nyeupe 100, moja mpaka nne au tano hivi ni za aina tunayoisoma leo. Jina lake ni eosinofili. Andikeni ubaoni: E-O-SI-NO-FI-LI. Someni pamoja. Msiogope jina, mtaona sasa hivi kwamba maana yake ni nzuri.

Eosinofili hutengenezwa ndani ya uboho wa mifupa, ule ute tunaoufyonza tukila mfupa wa mbuzi. Kutoka hapo huingia katika damu, lakini hazikai humo siku nyingi. Baada ya saa chache tu hutoka na kwenda kukaa katika nyama za mwili, hasa kwenye matumbo. Kwa hiyo chembe tunazoziona katika damu ni kama askari walio njiani. Walio wengi wako kambini.

RANGI ILIYOFUMBUA MACHO

Watu waliishi na chembe hizi tangu mwanzo wa dunia bila kuzijua. Sababu ni mbili. Kwanza, ni ndogo mno kwa jicho. Pili, hata kwa hadubini, yaani chombo cha kukuza vitu vidogo, chembe nyeupe hazina rangi. Kuzitafuta ni kama kumtafuta mbuzi mweupe katika ukungu mweupe.

Mwaka 1846 daktari mmoja wa Uingereza, Thomas Wharton Jones, aliona kwa hadubini kwamba baadhi ya chembe za damu zimejaa punje ndogo ndogo ndani yake. Aliandika aliyoyaona. Lakini hakuweza kuzitenga aina moja na nyingine, kwa kuwa hakuwa na rangi ya kuzipaka.

Miaka ya 1870 viwanda vya Ujerumani vilikuwa vikitengeneza rangi nyingi mpya za kutia nguo. Moja ilikuwa nyekundu yenye kung'aa, ikaitwa eosini. Jina hilo linatokana na neno la Kiyunani lenye maana ya alfajiri. Ninyi mnaoamka mapema kwenda shambani mnaijua rangi hiyo. Ni ile inayotokea upande wa mashariki kabla jua halijachomoza, wakati majabali ya Dodoma yangali meusi.

Wakati huo alikuwako kijana mmoja Mjerumani, Paul Ehrlich, aliyezaliwa mwaka 1854. Alisoma udaktari, lakini alipenda mno kazi ya rangi. Aliwaza hivi: kama rangi moja hushika sufu na nyingine hushika pamba, huenda pia rangi moja hushika chembe ya namna moja na kuiacha ya namna nyingine. Akatandaza damu juu ya kioo, akaikausha kwa moto, akaitia rangi mbalimbali, akatazama.

Mwaka 1879 alitangaza aliyoyaona. Chembe fulani nyeupe zilikuwa na punje nene zilizoinywa eosini kwa pupa, zikawaka nyekundu kama makaa, na nyingine jirani zake hazikuwaka hivyo. Ndipo akaziita eosinofili, yaani zenye kupenda eosini. Basi sasa mnaona maana ya jina: ni chembe zinazoipenda rangi ya alfajiri.

Ehrlich alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1908 kwa kazi zake juu ya kinga ya mwili. Lakini mwaka ule wa 1879 alijua rangi ya chembe hizi tu. Kazi yake hakuijua.

RANGI ILE ILIVYOFIKA KWETU

Pengine mtu atasema, "Hayo ni mambo ya Ulaya, sisi yanatuhusu nini?" Ngoja nikuonyeshe.

Kati ya mwaka 1895 na 1898 alikuwako katika nchi hii, ilipotawaliwa na Wajerumani, mtengeneza dawa mmoja jina lake Gustav Giemsa. Baadaye alirudi Ujerumani, akafanya kazi Hamburg katika chuo cha magonjwa ya nchi za joto. Mwaka 1904 alitangaza dawa ya rangi ya kupimia malaria. Alichanganya eosini nyekundu na rangi za buluu. Ukipaka damu kwa mchanganyiko huo, mdudu wa malaria huonekana waziwazi. Mchanganyiko huo huitwa Giemsa mpaka leo.

Basi, ndugu msikilizaji, kama umewahi kuchomwa kidole ili upimwe malaria kwa hadubini, na damu yako ikatandazwa juu ya kioo na kupakwa rangi, huenda ilipakwa rangi hiyo. Siku hizi zahanati nyingi zina kipimo cha haraka kisichohitaji hadubini, lakini kioo na rangi bado vinatumika. Na mpimaji anapomtafuta mdudu wa malaria, mara nyingine hukutana na chembe yenye punje nyekundu. Ni eosinofili yako. Imeipenda rangi ile ile iliyoipenda mbele ya Ehrlich.

JE, KAZI YAKE NI NINI?

Kujua jina la mtu si kumjua mtu. Waliopima damu waliziona eosinofili, lakini hawakujua ziko kwa ajili gani. Dalili ya kwanza ilikuwa hii: kwa wagonjwa wengine zilizidi mno.

Mwaka 1897, katika hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, Marekani, mwanafunzi wa udaktari jina lake Thomas Brown alipima damu ya mgonjwa mwenye maumivu makali ya misuli. Aliona eosinofili nyingi ajabu. Mgonjwa yule alikuwa na minyoo midogo katika nyama za mwili, ya namna ambayo mtu huipata kwa kula nyama ya nguruwe isiyoiva. Baada ya hapo madaktari wa nchi nyingi waliona jambo hilo hilo: safura, kichocho, matende, minyoo ya tumbo. Pale palipo na minyoo, eosinofili huongezeka. Waliona pia kwamba huongezeka kwa watu wenye pumu na kwa wengine wanaodhurika na dawa au chakula fulani.

Lakini hapo pana shida ya kufikiri, nayo ni nzuri kwa darasa. Ukiona kunguru wengi juu ya mzoga, utasema kunguru ndio waliomwua mnyama? Ukiona watu wengi na ndoo mahali pa moto, utasema wao ndio waliowasha? Kuwapo mahali si ushahidi wa kazi. Eosinofili zilikuwapo palipo na minyoo, lakini zilifanya nini huko? Zilikuwa zikipigana, au zilikuwa zikifagia baada ya vita? Swali hilo lilikaa miaka mingi bila jibu. Jibu lilipoanza kupatikana, lilipatikana hapa Afrika Mashariki.

ADUI ANAYEINGIA KWA MAJI

Kabla ya jibu, tumtazame adui mwenyewe. Tumchukue mnyoo wa kichocho.

Ugonjwa huu ni wa kale. Mwaka 1910 yalionekana mayai ya kichocho katika maiti za Misri zilizokaushwa zaidi ya miaka 3,000 iliyopita. Mnyoo wenyewe uligunduliwa mjini Cairo mwaka 1851 na daktari Mjerumani, Theodor Bilharz. Na mwaka 1915 Robert Leiper, Mwingereza, alionyesha huko huko Misri kwamba mnyoo huu hupita katika konokono wa majini.

Safari yake ni hii. Mtu mgonjwa hukojoa au huenda haja katika maji au karibu nayo, na mayai huingia majini. Yai huanguliwa, na kidudu huingia katika konokono. Baada ya majuma kadhaa, konokono hutoa vidudu vingi vyenye mkia. Mtu akiingia majini kuoga, kufua, kuchota au kulima mpunga, vidudu hutoboa ngozi yake katika dakika chache, huacha mkia nje, na huwa vitoto vya minyoo. Hivyo husafiri kwa damu kupita mapafuni mpaka kwenye ini, vikakua, dume likamkumbatia jike, wakaenda kukaa katika mishipa ya matumbo au ya kibofu. Hapo huishi miaka, na jike hutaga mayai kila siku. Ndiyo maana mtoto hukojoa damu, au huharisha damu, na tumbo lake huvimba.

Sasa fikirini. Chembe nyeupe nyingine humeza wadudu wadogo kama kuku anavyomeza punje ya uwele. Lakini kitoto cha mnyoo ni kikubwa mno. Mbele ya chembe moja ni kama tembo mbele ya kuku. Haimezeki. Basi mwili utafanyaje?

DAMU ILIYOTOLEWA NAIROBI

Mwaka 1975, mjini Nairobi, watafiti kadhaa walifanya kazi pamoja juu ya swali hili. Aliyeongoza ni Mwingereza, Anthony Butterworth, na kati ya wenzake alikuwamo Adel Mahmoud, mzaliwa wa Misri. Sikilizeni kwa makini walivyofanya, maana ni mfano mzuri wa kutafuta ukweli.

Walichukua vitoto vya minyoo ya kichocho, wakavitia madini ya kromiamu yenye kutoa mionzi. Kitoto kikiumia, kromiamu huvuja nje, na chombo huweza kuipima. Kisha waliviweka pamoja na chembe nyeupe za damu na maji ya damu ya watu walioambukizwa kichocho. Maji hayo yana kingamwili. Kingamwili ni kama alama ya chuma cha moto juu ya ng'ombe: hushika juu ya mgeni, nayo huwaambia askari, "Huyu hapa, si wa kwetu."

Kromiamu ilivuja. Vitoto vilikuwa vimeumia. Lakini askari gani aliyeviumiza? Ndipo walipotumia dawa maalumu za kuondoa chembe za aina moja moja. Walipoziondoa eosinofili, vitoto havikudhurika tena kama mwanzo. Basi kazi ilikuwa ya eosinofili.

Tangu Ehrlich alipozipa jina mpaka siku ile, ilikuwa imepita miaka 96.

Leo tunajua zaidi zinavyopigana. Eosinofili nyingi humshika adui aliyetiwa alama, kama siafu wanavyomshika nyoka. Haziwezi kummeza. Lakini zile punje nyekundu ndani yake ni podo la mishale yenye sumu. Chembe hummwagia adui sumu hiyo juu ya ngozi yake, ikamtoboa.

Majina ya watafiti yameandikwa vitabuni. Majina ya watu waliotoa damu hayakuandikwa. Lakini bila damu yao jibu lisingepatikana. Mkono wa mkulima aliyekubali kuchomwa sindano nao ni mkono wa elimu.

WATOTO WA MACHAKOS

Yaliyotendeka ndani ya chupa si lazima yatendeke ndani ya mtu. Kwa hiyo miaka ya 1980 watafiti hao na wenzao wa Kenya walikwenda kwa watoto wa shule katika wilaya ya Machakos, ambayo ni nchi kavu yenye mito ya msimu, si tofauti sana na kwetu. Waliwatibu watoto kichocho, kisha wakawafuata. Walipima haja zao mara kwa mara. Walikaa pia mitoni na kuandika nani ameingia majini, na kwa muda gani.

Waliona jambo kubwa. Watoto wengine waliambukizwa tena upesi. Wengine, ingawa waliingia katika maji yale yale, waliambukizwa kidogo tu. Na kwa jumla wakubwa walikuwa na kinga kuliko wadogo. Maana yake ni kwamba kinga juu ya kichocho ipo, lakini huja polepole, kwa miaka. Mtoto mdogo anayecheza lamboni bado hana jeshi lililofunzwa.

Si wataalamu wote wanaokubaliana juu ya sehemu ya eosinofili katika kinga hiyo. Mwaka 2004 wataalamu wa Marekani walitangaza kwamba wamepata panya wasiokuwa na eosinofili kabisa. Panya wa namna hiyo walipoambukizwa kichocho, hawakuonekana kuzidiwa kuliko wengine. Lakini panya si mtu. Uchunguzi unaendelea, nami nawaambia hivyo ili msidhani elimu ni jengo lililokwisha kuezekwa.

MSHALE HAUCHAGUI

Sasa tufike kwenye jambo ambalo mzee wangu wa fimbo hakuliuliza, lakini alihitaji kulijua. Mshale wenye sumu ukirushwa ndani ya nyumba, huweza kumpata mwenye nyumba.

Katika kichocho, mayai mengi hayatoki nje. Hukwama katika ini na matumbo na kibofu. Askari wa mwili, na eosinofili wengi kati yao, hulizunguka kila yai na kulifungia. Baada ya miaka, mahali hapo hubaki makovu magumu. Madhara mengi ya kichocho hutokana na makovu hayo. Yaani mgonjwa huumizwa na mnyoo, tena huumizwa na vita ya mwili wake mwenyewe.

Katika pumu, watu wengi huwa na eosinofili zilizojaa katika njia za hewa. Adui hayupo, ila vumbi, chavua au baridi, lakini askari humwaga sumu, na njia za hewa huvimba na kubana. Mwaka 2015 Marekani iliruhusu dawa ya sindano inayoupunguzia mwili utengenezaji wa eosinofili, kwa watu wenye pumu kali ya namna hiyo.

Na huko Kampala, Uganda, mwaka 1948 daktari J. N. P. Davies aliandika habari za ugonjwa wa moyo aliouona kwa watu wa huko. Ukuta wa ndani wa moyo hukakamaa kama ngozi iliyokaushwa juani, na moyo hushindwa kupanuka. Miaka kumi na miwili nyuma, yaani mwaka 1936, Wilhelm Löffler wa Uswisi alikuwa amekwisha kueleza ugonjwa wa moyo unaofanana nao, kwa watu wenye eosinofili nyingi mno. Wataalamu wameshuku kwamba chembe hizi zina mkono katika ugonjwa wa Uganda, ingawa hawajakubaliana juu ya chanzo chake.

Kwa hiyo daktari akikuambia, "Eosinofili zako zimezidi," usifurahi kwamba una jeshi kubwa, wala usiogope kwamba umerogwa. Ni moshi. Moshi hukuambia kuna moto, lakini haukuambii unaungua nini. Daktari atatafuta kama ni minyoo, au pumu, au dawa uliyokunywa, au jambo jingine. Mpe nafasi atafute. Mweleze maji unayotumia na kazi unayofanya, umekula nini na umesafiri wapi.

JIBU LANGU KWA MZEE

Mzee wangu, kama unanisikia jioni hii, shikamoo. Uliniuliza: askari ni wavivu, au vidonge ni vya bure? Nakujibu: si hili wala si lile.

Askari si wavivu. Hupiga vitoto vya minyoo vinapoingia tu. Lakini mnyoo uliokwisha kukua ni mjanja. Hujivika vitu kutoka katika damu yetu, kama mwizi aliyevaa nguo ya mwenye nyumba, na askari humpita bila kumjua.

Kidonge cha kichocho, kiitwacho prazikwanteli, kilichogunduliwa miaka ya 1970, hufanya kinyume chake. Hupiga minyoo mikubwa. Vitoto vilivyoingia juzi tu haviwezi sana. Wala hakikulindi kesho ukirudi katika maji yale yale.

Basi kila mmoja ana zamu yake. Askari ana lango. Kidonge kina uani. Na ukimwachia askari vita yote peke yake, atapigana mwaka hata mwaka, na uwanja wa vita ni ini la mjukuu wako. Kidonge hakimdharau askari. Kinampumzisha, kabla makovu hayajawa mengi.

MAJI YETU

Nchi yetu ni kavu. Mvua hunyesha kuanzia Desemba mpaka Aprili hivi, kisha mito hubaki mchanga mtupu. Kwa hiyo tunapenda mabwawa na malambo, na ni haki yetu kuyapenda. Bwawa la Hombolo lilijengwa mwaka 1957, na watu wa huko wamepata maji, samaki na bustani. Bahi wanalima mpunga. Maji ni uhai.

Sisemi kila lambo lina kichocho. Nasema tu kwamba maji yaliyotulia, yenye majani na konokono, huweza kuwa mlango wake, kama mtu mgonjwa atayatia mayai. Mlango huo tunaweza kuufunga sisi wenyewe. Chimbeni vyoo na mvitumie, hata mkiwa shambani. Wakatazeni watoto kukojoa na kuogelea lamboni. Maji ya kuoga yakitekwa na kuwekwa katika chombo siku mbili bila konokono, vidudu vile hufa. Watoto wapewapo vidonge shuleni, wasizuiwe. Na wewe mtu mzima unayekojoa damu, usikae kimya kwa haya. Kichocho si aibu. Nenda ukapimwe.

Ndugu zangu, tumetoka mbali leo. Tumeanza na rangi ya nguo huko Ujerumani, tumepita Nairobi na Machakos, tumerudi lamboni kwetu. Kesho mkiamka alfajiri, mkaona mbingu nyekundu upande wa mashariki, kumbukeni kwamba askari wa rangi hiyo alikesha ndani yenu usiku kucha. Msaidieni.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Neno eosinofili lina maana gani? Nani aliyezipa chembe hizi jina hilo, na mwaka gani?
2. Kwa nini haitoshi kusema, "Eosinofili zipo palipo na minyoo, kwa hiyo ndizo zinazoiua"? Toa mfano wako mwenyewe.
3. Eleza kwa maneno yako jaribio lililofanyika Nairobi mwaka 1975.
4. Askari wa mwili hupiga minyoo ya namna gani? Kidonge hupiga ya namna gani?
5. Kijijini kwenu watu hugusa maji yaliyotulia mahali gani, na kwa kazi gani? Andikeni orodha, kisha mjadiliane ni lipi mnaloweza kubadili kabla ya mvua zijazo.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.